Povu la Kiazi cha Matamba

Ukimaliza kona hamsini na saba za barabara inayopanda kutoka Chimala, unaingia Matamba, wilayani Makete. Huku kiazi mviringo ni chakula, ni ada ya shule, ni mbegu ya msimu ujao. Kata kipande kibichi, kitumbukize katika haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda, na povu litapanda papo hapo. Povu hilo lina oksijeni, na wanasayansi walihangaika nalo zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1818, mjini Paris, Louis Jacques Thénard alikuwa wa kwanza kutengeneza kimiminika hicho cha peroksaidi, kwa kutumia asidi na bariamu peroksaidi. Kikiachwa peke yake, kilichanganuka polepole mno kuwa maji na oksijeni. Alipokikutanisha na unga wa manganizi dayoksaidi, au fedha, au platinamu, gesi ilifoka na chombo kikapata moto, lakini unga wenyewe haukupungua. Kilichostaajabisha zaidi ni kwamba faibrini iliyotolewa kwenye damu nayo ilifanya vivyo hivyo. Madini na nyama vimejuana wapi?

Jöns Jacob Berzelius wa Sweden ndiye aliyezikusanya habari hizi, mwaka 1835, akazipa jina moja: katalisisi, yaani kazi ya kichocheo. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba kiazi kilikuwamo katika hoja yake. Alieleza jinsi dutu iliyo karibu na macho ya kiazi kinachochipua inavyogeuza wanga kuwa sukari ya kulisha chipukizi. Mkulima wa Matamba anayetunza mbegu zake huyaona macho hayo kila msimu.

Leo tunajua kwamba kichocheo hakiongezi oksijeni hata tone. Peroksaidi ileile hutoa gesi ileile. Kinachobadilika ni muda tu, kwa sababu kichocheo hufungua njia inayodai nishati ndogo zaidi ya kuanzia. Kimeng'enya kilichomo kwenye kiazi, katalesi, kilipewa jina hilo mwaka 1901 na Oscar Loew, aliyekichunguza kwenye tumbaku huko Marekani. Mwaka 1937 James Sumner na Alexander Dounce walikipata kikiwa fuwele kutoka ini la ng'ombe. Molekuli yake moja huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde.

Katika shule zetu za sekondari oksijeni hutengenezwa kwa peroksaidi na manganizi dayoksaidi, unga mweusi uliomo pia kwenye betri za tochi. Ni jaribio zuri, ila Makete nzima imejaa kichocheo kisichohitaji kuagizwa, na naamini kinastahili kukaa kwenye meza ya maabara kando ya unga huo. Hata baridi ya uwanda wa juu wa Kitulo ni somo, kwa kuwa baridi hupunguza kasi: mwanafunzi wa Matamba asubuhi ya Julai atapata povu la polepole kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, na wote wawili watakuwa sahihi.

Kisha mwanafunzi achemshe unga na kiazi, aviache vipoe, arudie. Unga wa manganizi utafoka kama kwanza. Kiazi kilichoiva kitatulia kimya, kwa kuwa katalesi ni protini, na moto umeshaliharibu umbo lake.