Mpaka wa Silabi katika Maneno Ambatano ya Kiholanzi

Kiholanzi huunganisha majina mawili au zaidi na kuyaandika kama neno moja. Je, msomaji ajue namna gani mahali pa kulikata? Makala haya mafupi yatafuta jibu katika historia ya tahajia yake.

Kwa kawaida, konsonanti mbili zikikaa kati ya irabu, ya kwanza hufunga silabi na ya pili hufungua inayofuata. Tutazame neno avond, yaani jioni. Wingi wake, avonden, hukatwa a-von-den, na d husikika wazi. Lakini avondeten, chakula cha jioni, hukatwa avond-eten, na d hiyo hiyo hutamkwa t, kwa sababu Kiholanzi hakikubali sauti hiyo ghuna mwishoni mwa neno. Hivyo mpaka wa maneno hushinda kanuni ya silabi.

Basi, kwa nini huandikwa d? Matthias de Vries na L. A. te Winkel, waliotengeneza tahajia ya kamusi kubwa katika miaka ya 1860, walithibitisha kanuni ya ulinganifu: neno lihifadhi sura yake popote lilipo. Ubelgiji iliipokea tahajia yao mwaka 1864, na serikali ya Uholanzi mwaka 1883.

Ulinganifu huo una gharama yake. Valkuil ni val-kuil, shimo la mtego. Asiyelijua aweza kusoma valk-uil, kozi na bundi. Macho hayatoshi, maana ndiyo hukata.

Mwaka 1995 pannekoek, aina ya chapati, iliamriwa kuandikwa pannenkoek, kwa kuwa wingi wa pan, kikaango, ni pannen. Wasemaji wengi hawaitamki n hiyo. Mwaka 2006 chama cha Onze Taal kilitoa orodha yake, kikimwachia mwandishi uhuru zaidi.

Katika Kiswahili, mwana na sheria huungana bila silabi kuvurugika, maana kila moja huishia kwa irabu. Mkazo tu ndio huhama. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayefungua barua za wamisionari Waflandria asitegemee mazoea ya Kiswahili. Atafute kwanza maneno, kisha silabi. Akigeuza utaratibu huo, atatamka vibaya na kufasiri vibaya.