Stelingi Aliyenyongwa

Mkono wa Libya umefika Dodoma mara mbili. Mara moja ulileta msikiti mkubwa unaobeba jina la Muammar Gaddafi, uliofunguliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2010, wenye nafasi ya waumini wapatao 3,000. Lakini miaka mingi kabla ya msikiti ule, fedha za Libya zilikuwa zimekwisha kuingia katika nyumba na vibanda vya video vya miji ya bara kwa njia nyingine. Zilikuja kama filamu ya karibu saa tatu iliyotoka mwaka 1981, ambayo kwa Kiingereza inaitwa Lion of the Desert na watazamaji wetu wameiita tu mkanda wa Omar Mukhtar.

Mkanda huo umezeeka bila kuachwa. Ulianza kwenye VHS, ukahamia kwenye CD na DVD zilizopangwa juu ya mikeka nje ya misikiti siku ya Ijumaa, ukaingia kwenye flashi, na leo mtu anautazama kwenye simu akiwa amelala. Sinema nyingi za umri wake zimesahaulika. Huu bado unatazamwa, na si na Waislamu peke yao.

Hilo linashangaza, kwa sababu filamu yenyewe inavunja sheria ambayo kila mtoto aliyekulia kwenye kibanda umiza anaijua: stelingi hafi. Stelingi anapigwa, anafungwa kamba, anasukumwa korongoni, na watu kwenye mabenchi wanatulia kwa sababu wanajua atarudi. Rambo alirudi. Amitabh Bachchan aliwahi kufa kwenye baadhi ya picha zake, na watu waliomboleza kama wamefiwa, lakini walau adui naye aliondoka. Kwa Omar Mukhtar adui anabaki. Mzee anavishwa kitanzi mbele ya watu wake, anakufa, na jenerali aliyemnyonga anaendelea na kazi. Na bado watu wanaurudia mkanda, wakijua vizuri unakoishia.

Historia yenyewe ilikuwa hivyo, na mwongozaji hakuibadilisha. Omar Mukhtar alikuwa mwalimu wa Qurani, mtu wa tarika ya Sanusi katika jimbo la Barka, mashariki mwa Libya. Waitaliano walipovamia mwaka 1911 alikuwa tayari mtu mzima. Alipigana nao kwa takriban miaka 20, hasa katika Jabal Akhdar, mlima wa kijani wenye misitu na mapango, kwa hiyo sehemu kubwa ya vita vyake haikuwa jangwani kama jina la filamu linavyodai. Alikamatwa Septemba 11, 1931, farasi wake akiwa ameanguka. Septemba 15 alihukumiwa Benghazi. Kesho yake alinyongwa Soluch, mbele ya maelfu ya watu waliotolewa katika kambi za Waitaliano ili washuhudie. Alikuwa amepita umri wa miaka 70.

Aliyeipeleka habari hiyo kwenye skrini ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria, aliyekwenda Marekani kusomea filamu akiwa kijana. Tayari mwaka 1976 alikuwa ametoa The Message, filamu ya kuzuka kwa Uislamu ambayo nayo ina historia ndefu katika nyumba za Waswahili. Ile alianza kuipigia Morocco, akafukuzwa kwa shinikizo la Saudia, na Gaddafi, mtawala wa Libya wakati huo, ndiye aliyempa nchi ya kumalizia. Kwa hiyo Akkad alipotaka kumfanya Omar Mukhtar, alijua mlango wa kugonga. Alipewa dola milioni 35, fedha nyingi mno kwa wakati ule, pamoja na askari wa jeshi la Libya kuwa waigizaji wa nyuma kwa maelfu. Katika majumba ya sinema ya dunia filamu ilirudisha sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kwa hesabu za Hollywood ilikuwa hasara ya kutisha.

Omar aliigizwa na Anthony Quinn, Mmarekani mzaliwa wa Mexico. Muziki ulitungwa na Maurice Jarre. Majina hayo mawili yanatupeleka kwenye mkanda mwingine, mama wa filamu zote za jangwani: Lawrence of Arabia, wa mwaka 1962, ulioongozwa na David Lean na kushinda tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ya Jarre mwenyewe. Quinn alikuwemo humo akiwa Auda Abu Tayi, chifu wa kabila la Howeitat. Waliosomea filamu huutaja ule kama kilele cha sanaa, na picha zake kweli ni nzuri kupita maelezo: mpanda ngamia anayetokea mbali kwenye mangati akikua polepole hadi kuwa mtu. Nauheshimu. Lakini sijapata kuona watu wa kawaida wakiukumbatia hapa kama walivyoukumbatia mkanda wa Omar Mukhtar, na sababu yake siyo ngumu. Lawrence ni mgeni. Jangwa lile lina wenyewe, lakini hadithi inamfuata afisa wa Kiingereza, mateso yake, kiburi chake, na majuto yake. Waarabu wanakuwa watu wa kusubiri aamue. Kwa Omar Mukhtar mwenye nchi ndiye mwenye hadithi.

Mtu wa Ugogo, nchi ya Wagogo yenye mji wa Dodoma, ana sababu ya ziada ya kuliona hilo. Vita vya Lawrence vilikuwa ni vita vilevile vilivyopita Dodoma. Mwishoni mwa Julai 1916, wakati uasi wa Waarabu alioshiriki Lawrence ulikuwa na wiki chache tangu uanze, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Van Deventer yaliingia Dodoma yakitokea Kondoa. Kule Hijazi Lawrence alikuja kulipua reli iliyojengwa kwa utaalamu wa Wajerumani. Huku Wajerumani wenyewe walivunja madaraja ya Reli ya Kati waliyoifikisha Dodoma mwaka 1910, ili adui asiitumie. Reli mbili za zama moja, vita vilevile. Moja ilipata filamu ya zaidi ya saa tatu na nusu na tuzo.

Nyingine iliachia Ugogo njaa iitwayo Mtunya. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Kati ya mwaka 1917 na 1920 inakadiriwa watu 30,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Wagogo walikuwa wamezoea ukame, na walikuwa na njia zao za kuuvuka: mifugo ya kubadilisha na chakula, ndugu wa mbali wa kukimbilia. Vita ndivyo vilivyozikata njia hizo.

Ndiyo maana naamini sehemu ya mkanda wa Omar Mukhtar inayomgusa zaidi mtu wa nchi kavu ya kati siyo mapigano. Ni zile kambi. Mwaka 1930 Waitaliano waliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 100,000 wa Barka, wafugaji pamoja na mifugo yao, wakawazungushia nyaya za miba karibu na pwani. Walitaka kuwaondolea wapiganaji mahali pa kupata chakula na habari. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu, na mifugo karibu yote iliteketea. Akkad anaonyesha mistari ya mahema iliyonyooka kama jedwali, na akina mama wanaosimama wakitazama nje ya uzio. Mfugaji akiona wanyama wanachukuliwa hahitaji tafsiri ya Kiingereza kilichomo humo.

Yapo mambo mengine mawili katika filamu ambayo watazamaji huyasimulia wao kwa wao. La kwanza ni pale kijana afisa wa Kiitaliano anapobaki hai baada ya wenzake kuuawa katika shambulio la kuvizia. Mpiganaji mmoja anataka amalizwe, kwa hoja kwamba Waitaliano nao huua mateka. Mzee anakataa, anasema adui hawezi kuwa mwalimu wao, na anamrudisha kijana kwao akiwa na bendera yake. La pili ni miwani. Mzee anakwenda kwenye kitanzi akiwa nayo, inaanguka, na mtoto anaiokota katikati ya vigelegele vya wanawake. Akkad angeweza kumtengenezea Omar muujiza. Badala yake alimpa mwanafunzi.

Sasa turudi kwenye fedha, kwa sababu Mtanzania hawezi kuiangalia filamu hii kwa moyo mmoja. Ilipigwa mwaka 1979. Mwaka huohuo Gaddafi alikuwa amepeleka wanajeshi Uganda kumwokoa Idi Amin, na vijana wa JWTZ walikutana nao Lukaya mwezi Machi, wakawashinda. Ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaua wanyama wa porini. Kwa maneno mengine, serikali iliyokuwa ikilipia filamu ya kuwalaani wavamizi ilikuwa, wakati huohuo, upande wa Amin, mvamizi wa Kagera. Wapo wazee waliopigana Lukaya ambao wameishi hadi kuuona msikiti wa Dodoma ukifunguliwa.

Nimelifikiria sana hilo, na ninachoamini ni kwamba filamu ilimponyoka aliyeilipia. Gaddafi aliitaka iwe kioo chake: aliweka picha ya Omar kwenye noti ya dinari 10, akajiona mrithi wa yule mzee. Lakini mwaka 2011 watu wa Benghazi walipoasi, walibeba picha za Omar Mukhtar dhidi yake. Mkanda uliofundisha kwamba mzee asiye na kitu anaweza kukataa kupiga magoti haukuwa na namna ya kuwachagulia watazamaji mtawala wa kumkataa. Gaddafi aliuawa Oktoba mwaka huo. Akkad hakuyaona hayo: Novemba 2005 yeye na binti yake waliuawa katika milipuko ya mabomu kwenye hoteli za Amman, Jordan.

Yule jenerali aliyemnyonga Omar, Rodolfo Graziani, ambaye Oliver Reed anamwigiza kwa ukatili uliotulia, alikuja pia upande wetu wa Afrika. Aliivamia Ethiopia akitokea Somalia, akawa gavana mkuu, na Februari 1937, baada ya yeye kujeruhiwa katika jaribio la kumuua kwa mabomu, maelfu ya wakazi wa Addis Ababa walichinjwa kwa siku tatu. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Uingereza, kutoka Tanganyika waliopigana na Waitaliano Ethiopia mwaka 1941 walikuwa wakibomoa dola aliyosaidia kuijenga. Na katika hadithi hii Afrika Mashariki haikusimama upande mmoja tu, maana jeshi la Italia kule Libya lilitumia maelfu ya askari wa Eritrea. Omar Mukhtar aliwindwa na Waafrika wenzake waliovaa sare za mkoloni, kama vile Mkwawa alivyowindwa na askari weusi wa Wajerumani.

Hapo ndipo mkanda huu unapoacha kuwa wa Libya. Nchi hii ina wanyongwa wake. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895. Mwanzoni mwa 1906, mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Maji Maji zaidi ya 60, wakiwemo Nduna Songea Mbano na Mkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi wa vita. Mtazamaji wa Dodoma anapomlilia mzee wa Barka analia pia kwa ajili ya watu ambao hajawahi kuona sura zao zikitembea kwenye skrini. Ebrahim Hussein alituandikia Kinjeketile, tamthilia ya vita hivyo vya Maji Maji, mwaka 1969, na imesomwa na vizazi vya wanafunzi. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na ilifanya kazi nzuri kwa uwezo mdogo iliokuwa nao. Lakini hakuna aliyewahi kuweka mezani fedha kama zile za Akkad kwa ajili ya Songea.

Kuna wanaosema picha haibadilishi kitu. Wawaulize Waitaliano. Mwaka 1982 serikali yao ilizuia filamu hii isionyeshwe nchini, kwa madai kwamba inadhalilisha heshima ya jeshi. Ilichukua hadi Juni 2009 kuonekana kwenye televisheni huko, siku ambazo Gaddafi alikuwa Roma akiwa amebandika kifuani picha ya Omar Mukhtar mwenye pingu. Mwaka mmoja kabla, Italia ilikuwa imekubali kuilipa Libya dola bilioni 5 kama fidia ya ukoloni. Na mwaka 2012, katika mji mdogo wa Affile karibu na Roma, ukafunguliwa mnara wa kumkumbuka Graziani, ukazua kesi mahakamani. Mabishano hayo bado yapo, na filamu ya 1981 ni shahidi ambaye kila upande unalazimika kumjibu.

Kwa Songea shahidi wa namna hiyo hayupo. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la babu yao, ambalo familia inaamini lilipelekwa Ujerumani. Kwa mwandishi wa filamu, hadithi nzima iko hapo, kuanzia wanyongwa hadi wajukuu wanaodai fuvu. Wajukuu hao wapo hai na wanaweza kuulizwa leo.