Deltic: dizeli iliyorudishwa njia kuu na mashabiki wake

Agosti 11, 1968, Shirika la Reli la Uingereza liliendesha treni yake ya mwisho ya mvuke kwenye njia kuu. Tiketi iliuzwa pauni 15 na shilingi 15, pesa nyingi kwa wakati huo, na bado mabehewa yalijaa. Mashabiki waliokuja kuaga walijua wa kumlaumu: dizeli. Hakuna aliyedhani kwamba iko siku watu wangetoa machozi kwa ajili ya dizeli nayo.

Waingereza wana mapenzi ya pekee na vichwa vya treni. Mwaka 1942, Ian Allan, karani kijana wa reli ya Southern, alichapisha kijitabu chenye namba za vichwa vyote vya kampuni yake. Kikauzika sana, na vingine vikafuata. Vijana wakawa wanashinda stesheni, kila namba ikipita wanaipigia mstari. Mvuke ulipokwisha, wadogo zao waliokuja nyuma hawakuwa na cha kupigia mstari ila dizeli, nao wakaipenda hiyohiyo.

Iliyopendwa kuliko zote ni Deltic. Injini yake, kazi ya kampuni ya Napier, ilibuniwa kwa ajili ya boti za kasi za jeshi la majini. Silinda 18 zimepangwa kwa umbo la pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, kila silinda ina pistoni mbili zinazoelekeana, na kila kona ya pembetatu ina krenki yake. Kampuni ya English Electric ikatia injini mbili za namna hiyo katika kichwa kimoja cha treni, zikatoa nguvu za farasi 3,300. Cha majaribio kilitoka mwaka 1955, kimepakwa rangi ya samawati. Vichwa 22 vya kazi vilifuata mwaka 1961 na 1962, vikachukua nafasi ya vichwa 55 vya mvuke kati ya London na Edinburgh. Mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 160 kwa saa.

Vilivyokaa London vilipewa majina ya farasi wa mashindano. Kimoja kiliitwa Tulyar, farasi aliyeshinda Derby ya Epsom mwaka 1952, mali ya Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, yule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Vya Gateshead na Edinburgh vikabeba majina ya vikosi vya jeshi.

Lakini jina halikumtoa mtu nyumbani. Sauti ndiyo iliyomtoa. Treni ikiwa bado imesimama stesheni ya King's Cross, London, injini ya kwanza inawashwa, moshi mweupe unatanda chini ya paa, kisha ya pili inadakia. Dereva akifungua mafuta, mvumo unapanda taratibu hadi unausikia kifuani, na mara treni inaingia kwenye handaki lililo mbele kidogo tu ya stesheni. Mashabiki hugombea behewa la kwanza, nyuma ya kichwa, penye kelele kuliko kote, mahali ambapo abiria wa kawaida angeomba ahamishwe.

Mwaka 1977, huku vichwa vyote vikiwa bado kazini, mashabiki waliunda chama cha kuvihifadhi, Deltic Preservation Society, wakaanza kuchanga. Waliona mbali. Treni mpya za kasi, InterCity 125, zilianza kazi kwenye njia hiyo mwaka uliofuata. Januari 2, 1982, treni ya kuaga ilitoka London ikivutwa na Tulyar, ikarudi ikivutwa na Royal Scots Grey. Baadaye chama kikanunua vichwa vitatu, Tulyar kikiwemo. Kati ya 22, sita viliokolewa; vilivyobaki vilikatwa vyuma chakavu.

Kwa miaka mingi vilivyopona vilizungushwa kwenye vijia vifupi vya watalii, ambako Deltic haipati hata nafasi ya kuchangamka. Ubinafsishaji wa reli, uliolaaniwa na wengi kwa sababu nzuri tu, ndio uliofungua mlango: Novemba 1996 Royal Scots Grey kikarudi njia kuu kikivuta treni ya kukodi. Si jambo la kuwasha na kuondoka. Kichwa cha zamani lazima kifungwe breki za usalama na redio za kisasa, kikaguliwe, na kiendeshwe na kampuni yenye leseni. Mwaka 2011, kikiwa na umri wa miaka 50, Royal Scots Grey kilipewa hata kibarua cha kuvuta mabehewa ya alumina kaskazini mwa Uingereza. Kwangu mimi hapo ndipo hifadhi ilipopata maana yake: chombo kinafanya kazi na kinalipwa.

Deltic zilitoka karakana ya Vulcan Foundry, Newton-le-Willows. Karakana hiyohiyo, miaka ya 1960, iliitengenezea Reli ya Afrika Mashariki vichwa vya dizeli vya English Electric, vikavuta treni kati ya Mombasa na Nairobi. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanajulikana zaidi kwa vichwa vya mvuke. Ili vya dizeli navyo visisahaulike, msomaji ambaye baba au babu yake aliendesha dizeli hizo, au alizifungua injini karakanani, akae naye mapema amwulize, na picha za zamani azipeleke makumbusho.