Tuskegee: Mji Mdogo wa Chuo Uliochorwa Pembe 28 Ndio Watu Weusi Wasipige Kura

Kama ushawahi ishi Juja ama Njoro, unajua vile mji wa chuo hukaa. Chuo kikifungua, keja hazipatikani na smokie zinaisha mapema. Kikifunga, mtaa unanyamaza ni kama kuna msiba. Sasa chukua hiyo picha uipeleke kusini mwa Marekani, jimbo la Alabama, kwa mji unaitwa Tuskegee.

Huu mji ni mdogo hadi ukikusanya wakaaji wake wote, hawawezi jaza nusu ya uwanja wa Nyayo. Lakini mwaka wa 1957 wanasiasa waliogopa kura za watu wake hadi wakashika kalamu na kuuchora upya. Hii hapa rada yote.

Iko wapi?

Tuskegee iko mashariki mwa Alabama na ndio makao makuu ya kaunti ya Macon. Ukitoka Montgomery, mji mkuu wa jimbo, unaendesha kama kilomita 60 kuelekea mashariki kwa barabara kuu ya I-85. Barabara yenyewe inapita kando ya mji, so msee anayeenda Atlanta anaweza kuupita bila kujua kuna mji hapo. Kando yake pia kuna msitu wa kitaifa wa kama ekari 11,000, mmoja wa ile midogo zaidi Marekani nzima.

Jina limetoka kwa Wamuscogee, wenyeji wa hizo sehemu kabla wafukuzwe miaka ya 1830. Mji wenyewe ulianzishwa 1833. Eneo hilo linaitwa Black Belt, kwanza juu ya udongo wake mweusi wenye rutuba. Huo udongo ulileta pamba, na pamba ikaleta watumwa wengi. Ndio maana hadi leo watu weusi ni wengi sana hizo sides. Kwa hivyo hata ramani ya watu ilianza na mchanga.

Watu ni wangapi?

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 9,395, na zaidi ya asilimia 90 ni watu weusi. Mwaka wa 1980 walikuwa 13,327. Hesabu mwenyewe: ni karibu watu 4,000 wameisha ndani ya miaka 40. Chuo kikuu chenyewe kina wanafunzi kama 3,000, so huwezi tenganisha mji na makomredi wake.

Kwa wale wa muziki: Lionel Richie alizaliwa hapa 1949, na bendi yake ya Commodores ilianzia kwa hicho chuo miaka ya 60. Albamu yake ya 2012 aliiita Tuskegee. Rosa Parks, yule mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi, pia ni mzaliwa wa hapa, 1913.

Chuo kilikuja aje?

Hapa ndio stori inaanza kunoga. Mwaka wa 1880, mwanasiasa mmoja mzungu alikuwa anatafuta kura za watu weusi. Akamwendea Lewis Adams, fundi wa mabati aliyekuwa mtumwa zamani, akamuuliza anataka nini. Adams hakuitisha doo ya mfukoni. Aliitisha shule.

Bunge la jimbo likatoa dola 2,000 kwa mwaka za kulipa walimu. Ploti haikuwa, majengo hayakuwa. Tarehe 4 Julai 1881 shule ikafunguliwa na wanafunzi kama 30, kwa kibanda kando ya kanisa. Mwalimu mkuu alikuwa Booker T. Washington, kijana wa miaka 25 aliyezaliwa utumwani. Baadaye wanafunzi walichoma matofali wenyewe na kujenga kampasi kwa mikono yao. George Washington Carver, yule mwanasayansi wa karanga, aliingia 1896 na akafundisha hapo hadi kifo chake 1943.

Mwaka wa 1923 hospitali ya wanajeshi wa zamani weusi ikafunguliwa hapo. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, marubani weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani wakafunzwa hapo hapo. Kufikia miaka ya 50, mji mdogo wa ushago ulikuwa umejaa maprofesa na madaktari weusi.

Sasa pembe 28

Weusi walikuwa karibu 4 kati ya kila wakaaji 5. Lakini kujiandikisha kupiga kura ilikuwa noma. Msee ana digrii ya udaktari na bado karani anamwambia amefeli mtihani wa kusoma. Hata hivyo, kama 400 walikuwa wamefaulu, na kila mwaka walikuwa wanaongezeka.

So 1957 bunge la Alabama likapitisha sheria ya kubadilisha mipaka ya mji. Tuskegee ilikuwa na umbo la mraba, pembe nne tu. Ikageuzwa kuwa kitu cha pembe 28. Mstari ulizunguka nyumba za watu weusi moja moja na kuziacha nje, pamoja na chuo chote. Wapiga kura weusi 400 wakabaki wanne ama watano tu. Mzungu hata mmoja hakutolewa. Watu hawakuhama, nyumba zilikuwa pale pale. Waliamka tu wakapata hawaishi mjini.

Charles Gomillion, profesa wa sosholojia chuoni, hakunyamaza. Wakaaji wakasusia maduka ya wazungu, na kadhaa yakafunga. Kesi ikaenda mahakamani na wakili Fred Gray, yule yule aliyemtetea Rosa Parks. Novemba 1960, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa sauti moja kwamba mpaka hauwezi tumika kunyang'anya watu kura kwa sababu ya rangi. Mwaka uliofuata mji ukarudia mraba wake.

Bei ya ushindi

Kushinda kesi hakukumaliza ngori. Januari 1966, Sammy Younge, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 21, aliuawa kwa risasi kwenye stesheni ya mafuta baada ya mzozo kuhusu choo cha wazungu pekee. Aliyempiga aliachiliwa na mahakama. Mwaka huo huo, kaunti ya Macon ikamchagua Lucius Amerson kuwa sherifu mweusi. Mwaka wa 1972 Johnny Ford akawa meya.

Huo mwaka wa 1972 ndio siri nyingine ilifichuka. Tangu 1932, serikali ilikuwa inafuatilia wanaume weusi 600 wa kaunti hiyo, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli. Hata penisilini ilipopatikana, hawakupewa. Fred Gray akarudi kortini tena, na 1974 ikakubaliwa walipwe dola milioni 10. Rais Clinton aliomba msamaha 1997.

Tuskegee na Kabete

Kuna link na sisi pia. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikisifu elimu ya aina ya Tuskegee. Mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete, kufunza walimu wa vijijini kilimo, afya na kazi za mikono. Leo hapo ndio Kenya School of Government. Wakoloni walichukua jembe la Tuskegee. Kura waliiacha huko.

Leo

Wazungu wengi walihama baada ya shule kuunganishwa miaka ya 60 na weusi kushika uongozi. Vijana weusi nao wanafuata kazi. Kilomita 30 hivi kutoka hapo, Auburn, mji mwingine wa chuo, una zaidi ya watu 76,000. Zamani Tuskegee ilihamishiwa mpaka. Sahii mpaka umetulia, ni watu ndio wanahama.

So siku nyingine ukiskia wasee wanabishana juu ya mipaka ya maeneo bunge na uone ni stori ya wazee, usiipite. Cheki kwanza keja yako iko upande gani wa mstari.