Pete Yenye Uzi

Nilipokuwa darasa la kwanza kule Kamachumu, wilaya ya Muleba, nilidhani pete zote za ndoa zina uzi. Pete ya shangazi yangu ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi upande wa kiganjani, umekazwa mpaka ukang'aa kwa jasho na mafuta ya kupikia. Siku nilipoona pete tupu kidoleni mwa mama mwingine nikauliza kwa sauti, "Mama, huyu uzi wa kwake umekatika?" Mama akanifinya. Hapo nikajua pana jambo.

Ndugu msomaji, mimi ni kijana wa kidato cha nne tu, si mwanahistoria wa chuo kikuu. Shuleni nilifundishwa kwamba historia ni vita, watawala na mikataba. Leo nakuletea historia ya pete moja, kwa sababu kwetu Kagera pete iliwahi kuwa mizani, na watu walihukumiwa kwayo.

Pete yenyewe ni mgeni kwetu. Zamani ndoa ya Wahaya ilifungwa kwa mahari, kwa pombe ya ndizi na kwa maneno ya wazee mbele ya ukoo. Pete ilikuja na makanisa. Mapadre Weupe walifika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na Walutheri wakafuata. Taratibu pete ikaingia katika sherehe, ikazoeleka, mpaka ikawa mwanamke wa kanisani akionekana kidole kitupu, majirani wanaanza kuulizana kulikoni.

Sasa tuje kwenye kukonda. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvamia mkoa wetu, vita vikapiganwa, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Baada ya vita maduka yalikuwa matupu, na magendo ya mpakani yakashamiri. Miongoni mwa bidhaa zilizovuka kutoka Uganda kilikuwamo kitambaa kilichoitwa Juliana, na vijana wa Bukoba wakakigombania. Kisha watu wakaanza kuumwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Wakaupa jina la kile kitambaa: Juliana. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania walitoka mkoani kwetu, mwaka 1983. Wenzetu wa Uganda waliuita Slim, yaani kukonda.

Hata madaktari walianzia kwenye kukonda. Oktoba 1985 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikutana Bangui, Afrika ya Kati, wakaweka dalili za kutambulia UKIMWI mahali pasipo na vipimo vya damu. Moja ya dalili kubwa ilikuwa kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa mwili. Daktari hakuitumia peke yake. Ilibidi ziwepo na dalili nyingine. Lakini mtaani, bwana, nani alisubiri dalili nyingine? Ukikonda tu, umekwisha. Mwenye vidonda vya tumbo alikuwa na Juliana. Aliyefiwa akakosa hamu ya kula alikuwa na Juliana.

Wala hofu ile haikuwa ya bure. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi, yaani karibu mmoja katika kila wanne. Kwa upande wa Bukoba vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10. Mjini watafiti walirudi mwaka 1993 wakakuta 18.3, na mwaka 1996 wakakuta 13.3. Namba zilishuka, na sehemu ya sababu ni watu kubadili mwenendo. Lakini namba hushuka pia watu wanapozikwa. Ukipita vijijini kwetu utayaona makaburi katikati ya migomba, baba, mama na wadogo zao, miaka imefuatana kama ngazi.

Shangazi alifunga ndoa mwaka 1988, katikati ya hayo yote. Pete ilinunuliwa kwa fedha ya kahawa. Anasema siku ile iliingia kidoleni kwa shida kidogo, watu wakacheka, na mzee mmoja akasema hiyo ni dalili njema: mke haendi popote.

Mwaka 2003 ikaanza kucheza. Kwanza ilizunguka tu. Kisha akiwa anafua ikawa inateleza mpaka kwenye kifundo. Ndipo akaizungushia uzi, si kwa ajili ya pete hasa, ila kwa ajili ya macho ya watu. Shati kubwa utalipunguza kwa cherehani, shingo utaifunga kitambaa, lakini pete ikidondoka mbele ya watu inapiga kelele. Mwaka 2004, wakati wa kuchuma kahawa, uzi ukakatika. Alitafuta pete chini ya migomba siku tatu, akifukua majani makavu kwa mikono, haikuonekana. Jirani mmoja akamwambia, "Kwani pete ya nini tena wewe? Si unasubiri sanduku tu."

Oktoba mwaka huo huo serikali ilianza mpango wa kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Shangazi na mumewe walipima, wote wawili wakakutwa nao. Mwanzoni mwa 2005 wakaanza dawa. Kadi yake ya kliniki ilisomeka kilo 41. Siku ya arusi, anasema, alikuwa na 63.

Miezi michache baadaye mumewe aliuza mbuzi. Akasema, "Twende Bukoba ukachague pete." Shangazi alidhani mzee amechanganyikiwa. Pesa hiyo si ni ya mafuta ya taa na ya ada? Lakini mume akashikilia. Basi wakapanda gari wao wawili na mama yangu, ambaye ni wifi yake, wakapitia Muhutwe mpaka mjini. Habari hizi nimezipata kwa mama kwanza, kisha kwa shangazi mwenyewe.

Sonara alikuwa mtu mwenye adabu. Alitoa mkufu wa pete za kupimia na kijiti cha chuma chenye namba. Akaeleza kuwa kidole si kitu kimoja: asubuhi ya baridi kinasinyaa, mchana wa joto kinavimba. Mtu aliyekonda ana taabu nyingine, kwamba kifundo kinabaki kinene kuliko shina la kidole, kwa hiyo pete inayopita kifundoni lazima itacheza huku chini. Akasema, "Mama, mwili ukiwa bado unapanda na kushuka, ni heri kungoja. Au uchukue ya kukutosha leo, siku za mbele tutaikata tuongeze kipande."

Shangazi akanyamaza. Pete ya kumtosha ilikuwa pale, ndogo kama ya msichana wa shule, na bei yake ilikuwa nafuu maana dhahabu yake ni kidogo. Akaivaa. Ikakaa vizuri kabisa. Akaivua, akairudisha juu ya kioo. Kisha akamgeukia mama: "Wifi, lete kidole." Enzi za usichana walikuwa wakiazimana pete, vidole vyao vilikuwa sawa. Sonara akapima kidole cha mama. Shangazi akasema, "Nipe ya huyu."

Sonara akasema itadondoka. Shangazi akajibu, "Nina uzi nyumbani."

Nimeifikiria sentensi hiyo sana. Mwanamke wa kilo arobaini na kitu, ambaye kijiji kizima kimeshamzika kwa midomo, ananunua pete ya mwanamke wa kilo 63. Angechukua ile ndogo ingekuwa sawasawa na kukiri kwamba mwili aliobaki nao ndio mwili wake. Yeye akakataa.

Nisikudanganye, msomaji, mambo hayakunyooka. Kilo zilirudi, lakini si kidoleni. Katika dawa za miaka ile ilikuwamo stavudine, ambayo iliokoa maisha ya wengi, ila kwa baadhi ya watu iliyeyusha mafuta ya mashavu, ya mikono na ya miguu. Mtu alikuwa mzima, analima, na bado sura inamsaliti. Ndiyo maana mimi, mtoto wa darasa la kwanza mwaka 2008, niliukuta uzi ungalipo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane na dawa hiyo, na mwaka 2011 shangazi akabadilishiwa. Uzi ukapungua mizunguko, mwaka hadi mwaka. Kuanzia 2019 nchi yetu ikaingiza dawa mpya yenye dolutegravir, ambayo wengi wanaoitumia huongezeka uzito. Uzi ukatolewa kabisa. Siku hizi akitaka kuivua pete anaomba sabuni.

Nimekuwa nikiandika riwaya tangu nimalize shule. Sura ya kwanza ilikuwa juu ya mwanamke wa Muleba mwenye ugonjwa huu, na ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeshaupanga: anakufa mvua ikinyesha. Nilimsomea shangazi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "We baba, mbona mimi sijafa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika hukumu ile ile ya yule jirani, tofauti ni kwamba mimi niliipamba kwa mvua. Hadithi nyingi nilizowahi kusoma juu ya ugonjwa huu zinaishia kaburini, na kweli wengi waliishia huko. Kuwasahau ni dhambi. Lakini wapo waliobaki, wana hamsini na sitini zao, wanachuma kahawa na kugombana na wajukuu. Nao ni historia. Tusipowaandika sisi vijana tuliolelewa mikononi mwao, nani ataandika?

Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema, "Andika. Jina langu liache, lakini pete iandike." Kisha akainuka kwenda jikoni, maana ndizi zilikuwa zinaungua.