Mashine ya boti: Nunua kwanza kitakachokurudisha pwani

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KWA wakaazi wa Pemba, mashine ya kufunga nyuma ya boti si anasa. Ndiyo inayompeleka mvuvi wa Tumbe kwenye maji ya jodari, inayomvusha mgonjwa wa Kisiwa Panza hadi ng'ambo, inayomfikisha mchuuzi wa Fundo katika soko la Wete na kumpeleka mgeni Misali kutoka Wesha.

Mashine hizo zilipata mafanikio ya kibiashara Marekani kuanzia mwaka 1909, kupitia zile za Ole Evinrude, fundi mwenye asili ya Norway. Kampuni ya Yamaha ya Japani, ambayo jina lake linajulikana mno katika mwambao wetu, ilitoa ya kwanza mwaka 1960. Tangu hapo mashua, ngalawa na boti za faiba zimezidi kuzipokea, na pamoja nazo umeingia msururu wa vifaa vya kuongezea, kuanzia propela, matangi na machujio hadi taa na vyombo vya kuonyesha njia.

Tatizo ni kwamba fedha hazitoshi kununua vyote. Wamiliki wengi wa boti wanaishi mjini, Chake Chake, Wete, Unguja au hata Dar es Salaam, na chombo wamekikabidhi kwa nahodha. Mwenye boti ndiye anayeamua kinunuliwe nini, lakini anayekwenda nacho baharini ni mtu mwengine. Anaponunua nguvu zaidi akaacha kununua pini ya akiba, gharama ya uamuzi huo hailipi yeye.

Makala haya yanaeleza vifaa hivyo na utaratibu unaofaa kuvinunua. Kanuni ni moja: kitangulie kile kitakachomrudisha mtu pwani, kisha kitakachopunguza gharama, na kasi ije mwisho.

Bahari yenyewe

Kisiwa cha Pemba kina urefu wa takriban kilomita 67. Upande wa magharibi kimetenganishwa na Tanga kwa mkondo wenye upana wa kilomita 50 hivi, ambao kina chake katika baadhi ya sehemu hupindukia mita 800. Huko hakuna nanga ya boti ndogo itakayogusa chini.

Maji ya mwambao huu huelekea kaskazini, na msimu wa kusi upepo huyasukuma kwa nguvu zaidi. Chombo kilichozimika mashine nje ya Kigomasha hakibaki pale kilipozimika, bali huchukuliwa kuelekea Kenya au bahari kuu. Ndani ya miamba nako kuna hatari nyengine. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita nne, hivyo njia iliyopitika asubuhi mchana huwa matumbawe matupu.

Msiba si hadithi kwa watu wa hapa. Meli ya MV Spice Islander I ilizama Septemba 10, 2011 ikiwa njiani kuja Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Januari 2022, boti iliyokuwa ikiwapeleka watu mazikoni Kisiwa Panza ilizama, na watu wasiopungua tisa walipoteza maisha. Safari ya pili ilikuwa ya mwendo mfupi tu, na hapo ndipo wengi huona hakuna haja ya kujitayarisha.

Vya kuokoa maisha

Kifaa cha kwanza ni jaketi la kuokolea, moja kwa kila mtu aliyemo chomboni, na la watoto liwe la kipimo chao. Majaketi hupimwa kwa nguvu ya kuelea inayoitwa nyutoni. La nyutoni 50 ni la mtu ajuaye kuogelea aliye karibu na msaada, la 100 ni la maji yaliyokingika, na la 150 ni la bahari ya wazi. Anayevuka kwenda Tanga kwa jaketi la 50 hajakidhi haja. Aidha, jaketi lililofungwa kwenye gunia chini ya samaki halimsaidii mtu boti inapopinduka.

Cha pili ni kamba ya kuzimia mashine, ambayo upande mmoja huchomekwa kwenye swichi na upande wa pili hufungwa mkononi mwa nahodha. Akianguka, kamba huchomoka na mashine huzimika. Bila kamba hiyo boti huendelea bila mtu, na mara nyingi kana hugeuka yenyewe ikaizungusha boti hadi ikamrudia aliyeanguka, propela ikiwa bado inazunguka. Kamba hii ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa dukani, lakini ndiyo inayopotea mwanzo na kubadilishwa kwa kipande cha waya kilichokazwa moja kwa moja. Boti ya namna hiyo isiondoke bandarini.

Vya kurudia

Kifaa bora cha akiba walikijua wazee wetu kabla ya mashine kuja: tanga. Mashua au ngalawa iliyofungwa mashine isinyang'anywe mlingoti na foromali yake. Boti ya faiba isiyo na tanga iwe na makafi mawili, nanga yenye kamba ndefu na upo wa kufulia maji, hata kama ni dumu lililokatwa.

Baada ya hapo ni sanduku la vipuri, ambalo linatosha ndoo ndogo yenye mfuniko. Ndani yake ziwemo plagi mbili mpya pamoja na spana yake, kamba ya kuwashia, propela ya akiba, pini na vipini vya kufungia propela, koleo, bisibisi na kitambaa kikavu. Katika mashine ndogo pini hutengenezwa makusudi ili ikatike propela inapogonga mwamba, kusudi giaboksi isivunjike. Asiye na pini ya pili atakuwa na mashine nzima inayonguruma huku boti haiendi. Kuweka msumari badala yake kunaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini ukiachwa humo, siku ya kugonga tena kitakachovunjika ni gia.

Kifaa cha mwisho katika fungu hili ni impela, gurudumu la mpira linalovuta maji ya chumvi ili kuipooza mashine. Mchanga wa maji mafupi huila. Nahodha atazame maji yanayotoka nyuma ya mashine mara tu inapowaka, na yakipungua au kukoma azime papo hapo. Impela hubadilishwa nchi kavu kwa gharama ndogo, ilhali mashine iliyoungua kwa kukosa maji hugharimu karibu sawa na kununua nyengine.

Mafuta

Sababu ya kawaida ya mashine kuzimika baharini ni petroli chafu au yenye maji, hasa ile iliyobebwa katika madumu. Chujio linalotenganisha maji na petroli, likifungwa kati ya tangi na mashine, linaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Chagua lenye kikombe cha kuonea, ili nahodha ayaone maji yaliyokusanyika na kuyamwaga kabla ya safari.

Mashine nyingi za mipigo miwili huhitaji lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani nusu lita kwa tangi la lita 25. Mashine mpya huzidishiwa oili katika saa za mwanzo, kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, na si ile ya pikipiki. Anayepunguza oili ili kubana matumizi anaila mashine yake, na anayezidisha huchafua plagi.

Ni muhimu pia kujua mashine inakunywa kiasi gani. Kwa makadirio, ya mipigo miwili ikienda kwa kasi yote hutumia lita 0.4 hadi 0.5 kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Hivyo mashine ya farasi 15 humaliza tangi la lita 25 kwa saa tatu na nusu hadi nne, na ya farasi 40 kwa saa moja na nusu au hata chini yake. Mabaharia hugawa mafuta mafungu matatu: la kwendea, la kurudia na la akiba. Tangi la pili kwa hiyo ni nyongeza yenye maana kuliko farasi wa ziada.

Propela

Hiki ndicho kifaa ambacho kwa fedha kidogo hubadilisha mwendo wa boti. Propela hupimwa kwa inchi, kipimo cha kwanza kikiwa upana wake na cha pili ni umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Kipimo cha pili kikiwa kikubwa, boti nyepesi hukimbia, lakini boti nzito hulemewa, na mashine huungua pole pole kwa kushindwa kufikia mizunguko iliyopangiwa. Kikiwa kidogo, boti hupata nguvu ya kubeba mzigo. Kila inchi moja hubadilisha takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika.

Kwa hiyo boti ya abiria au ya nyavu inahitaji propela ya inchi chache kuliko ile ya kupeleka wageni Misali. Kuhusu madini, alumini inawafaa wengi. Hupinda au kuvunjika ikigonga tumbawe, lakini ni rahisi kuibadilisha. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu na hudumu, ila kikigonga mwamba kishindo kinaweza kuhamia kwenye giaboksi.

Mawasiliano na njia

Simu ya mkononi iwekwe katika mfuko usiopitisha maji, lakini mtandao hufifia kadiri pwani inavyopotea. Boti inayokwenda nje ya miamba inafaa iwe na redio ya baharini ya VHF. Chaneli ya 16 ndiyo ya kimataifa ya kuombea msaada. Chombo cha GPS cha mkononi humwezesha nahodha kutaja mahali alipo, na dira ya kawaida ibaki chomboni kwa sababu haihitaji betri.

Usiku, chombo kionekane. Kwa sheria za kimataifa, boti ya mashine iliyo chini ya mita 7 na ambayo kasi yake haiwezi kuzidi noti 7 inaweza kutosheka na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Iliyozidi hapo iongeze taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Tochi na kioo cha kumulikia jua ni vitu vidogo vinavyofaa kuwemo.

Farasi waje mwisho

Wapo wanaoamini kuwa kubadilisha mashine ya farasi 15 kwa ya 40 kutaongeza kasi mara mbili. Kwa mashua nzito sivyo. Chombo kinachokata maji bila kupanda juu yake kina ukomo wa kasi unaotokana na urefu wake. Mashua yenye mita 7 majini ina ukomo wa takriban noti 6.4, yaani kilomita 12 kwa saa. Ikifika hapo, farasi wanaoongezwa huinua wimbi na kumaliza petroli tu. Boti ya faiba yenye kitako bapa ndiyo inayonufaika.

Kuna pia suala la uzito. Mashine ya farasi 15 ya mipigo miwili ina kilo 36 hadi 40, na ya farasi 40 ina kilo 70 hadi 75. Uzito huo wote huning'inia kwenye tezi. Ubao uliochoka hupasuka, na boti iliyozama nyuma hupokea wimbi ndani. Ni vyema mwenye chombo awaulize wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA) kabla ya kufunga mashine kubwa.

Urefu wa mguu wa mashine nao upimwe. Mfupi ni wa inchi 15 na mrefu ni wa inchi 20. Bamba lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti au chini yake kidogo. Likipanda, propela huvuta hewa, na likishuka mno hukokota maji.

Dukani na nyumbani

Unapokwenda dukani chukua kifaa cha zamani na namba yake iliyomo kijitabuni, uvilinganishe kwa macho na kwa kipimo. Mpira mgumu usiopinda, chuma chepesi kuliko cha awali au matundu yasiyolingana ni dalili za bandia.

Kila baada ya safari mashine isafishwe kwa maji baridi, na kipande cha zinki kikague mwenyewe. Zinki huliwa na chumvi badala ya mashine. Ibadilishwe ikibaki nusu, na isipakwe rangi, kwani ikipakwa haifanyi kazi. Kabla ya safari sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa kuwa hakuna kifaa kinachouzwa dukani kitakachoushinda upepo mkali.

Wahenga walisema: Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye boti aliyeko mjini anaweza kuanza jioni hii kwa kumpigia simu nahodha wake na kumuuliza mambo matatu: majaketi ni mangapi, kamba ya kuzimia ipo, na pini ya akiba iko wapi? Likikosekana jibu la moja kati ya hayo, mahitaji ya kununua yameshajulikana.