Wanyama, Mabruda wa Ireland na Sisi Watoto wa Sisibo

Wasee, ukitaka kuonekana mjinga Eldoret, sema unataka kuwa mwanasoka. Mimi nilisema nikiwa darasa la sita. Mwalimu akaniangalia miguu, akaangalia dirishani kama mtu anayetafuta Iten kwa mbali, akauliza, "Na kukimbia je?" Darasa lote likacheka. Hapa kwetu Sisibo, mtoto mwembamba anayepumua vizuri ameshapangiwa maisha. Stadi yetu yenyewe inaitwa Kipchoge Keino. Mpira ni kitu cha kufanya ukingoja ugali uive.

Lakini mwaka huo ulikuwa 2012, na mnajua kilichofanyika 2012.

Agosti tarehe 9, David Rudisha alikimbia mita 800 kule London kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Mji ulipasuka. Halafu Novemba tarehe 7, bro yangu mkubwa akanitoa nyumbani usiku kama mwizi, tukaenda kwa ukumbi wa video hapa Langas. Mechi ilikuwa inaanza saa tano kasorobo usiku. Mathe alikuwa amelala, na mpaka leo hajui, isipokuwa asome hii. Ilikuwa Celtic na Barcelona. Wote mle ndani walikuwa Barca, sababu ya Messi. Sisi tulikuwa Celtic kwa sababu ya mtu mmoja mwenye namba 67 mgongoni, Victor Mugubi Wanyama.

Dakika ya 21, Charlie Mulgrew akapiga kona. Wanyama akapanda juu, kichwa, goli. Sijawahi kusikia kimya cha aina hiyo kwa ukumbi wa video, halafu kelele. Wale wale wa Barca ndio walianza kuruka! Mtu akamwaga chai yangu na hakuna aliyejali, hata mimi. Barca wakakaa na mpira karibu muda wote uliobaki, kijana wa miaka 18 anaitwa Tony Watt akaongeza la pili dakika ya 83, Messi akarudisha moja mwishoni. 2-1. Tulitembea nyumbani gizani bro akirudia jina moja tu njia yote.

Sasa kuna kitu nilikuja kujua baadaye sana, na ndicho kimenifanya niandike hii.

Rudisha alifundishwa na Bruda Colm O'Connell. Huyo ni Mu-Ireland, mtawa wa shirika la Patrician, aliyefika shule ya St Patrick's Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa kocha, hakuwa ametoka kwa riadha. Alibaki. Mikononi mwake wamepita Peter Rono, aliyechukua dhahabu ya mita 1500 kule Seoul 1988, Vivian Cheruiyot na wengine wengi. Hiyo hadithi kila mtoto wa Eldoret anaijua.

Ile hatuijui ni ya bruda mwingine. Anaitwa Walfrid, jina lake la kuzaliwa Andrew Kerins, alizaliwa 1840 Ballymote, kaunti ya Sligo, pia Ireland. Yeye alikuwa wa shirika la Marist. Alipokuwa mtoto njaa kubwa ilipiga nchi yao, watu wakafa na wengine wakakimbilia Uingereza na Scotland. Huko Glasgow, mtaa wa mashariki, watoto wa wahamiaji walikuwa wanashinda njaa. Novemba 1887, kwa ukumbi wa kanisa la St Mary's, bruda huyu na wenzake wakaanzisha klabu ya mpira ili pesa za kiingilio zilishe watoto. Ndiyo Celtic hiyo. Mechi ya kwanza ilikuwa Mei 1888, na wakawafunga Rangers 5-2.

Sasa hebu hesabu. Usiku ule wa Barca, Celtic ilikuwa inasherehekea miaka 125. Yaani ndani ya miezi mitatu ya 2012, Wakenya wawili waliushangaza ulimwengu, mmoja kupitia kazi ya bruda wa Ireland aliyekuja kwetu, mwingine kwenye klabu ya bruda wa Ireland ambaye hakuwahi kutuota. Sisemi ni mpango wa Mungu. Nasema tu tofauti yake iko wapi: wa Rudisha alikuwa Iten, kilomita thelathini na kitu kutoka hapa. Wa Wanyama alikuwa Glasgow, na amekufa tangu 1915.

Kwa hivyo Wanyama alifikaje kule? Hapa ndipo watu hupenda kusema "kipaji". Kipaji alikuwa nacho, sawa. Lakini angalia njia yenyewe. Alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1991, akakulia Muthurwa. Baba yake, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Ndugu yake mkubwa ni McDonald Mariga, na dada yao Mercy ni wa mpira wa kikapu. Hiyo si familia, hiyo ni akademia yenye jiko!

Mariga ndiye aliyetangulia Sweden. 2007 Victor akamfuata Helsingborg, akiwa kijana mdogo kabisa. Halafu Mariga akauzwa Parma, Italia, na Victor akarudi Kenya. Hiyo sehemu watu huiruka, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Umefika Ulaya, umeonja theluji, umeambia watoto wa mtaa kwaheri, halafu uko tena stendi na begi. Wangapi huishia hapo? Yeye 2008 akapata majaribio Ubelgiji, Beerschot wakampa mkataba wa miaka minne. Julai 2011 Celtic wakamchukua kwa kama pauni 900,000.

Ile namba 67 haikuwa bahati nasibu. Ni ya kuheshimu kikosi cha 1967, Celtic ilipokuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kuchukua Kombe la Ulaya, pale Lisbon. Kijana wa Muthurwa akabeba historia ya watu wengine mgongoni na hakuonekana kulemewa.

Kocha aliyemchukua alikuwa Neil Lennon, na hapa inabidi nisimame kidogo. Lennon ni Mu-Ireland wa Lurgan, Ireland ya Kaskazini, Mkatoliki, alikuwa kiungo na nahodha wa Celtic kabla ya kuwa kocha. Agosti 2002 alikuwa aongoze timu ya taifa lake kwa mara ya kwanza kama nahodha. Ikapigwa simu ya kumtishia kifo. Hakucheza tena mechi ya nchi yake, kwisha. Mwaka 2011, akiwa kocha, akatumiwa risasi kwa posta, halafu vifurushi vya bomu, halafu Mei shabiki akaruka uzio akamvamia uwanjani katikati ya mechi. Yote kwa sababu ya anakotoka na jezi aliyovaa. Miezi miwili baadaye akamsajili Wanyama.

Sisi wa Eldoret hatuhitaji kueleweshwa hiyo. Mimi mwanzo wa 2008 nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mathe akituambia tusijibu mtu akituuliza jina la ukoo. Kwa hivyo nikisoma juu ya Lennon sioni mambo ya wazungu. Naona mtaa.

Haya, turudi kwa mpira. Wanyama alibeba ligi ya Scotland mara mbili, 2012 na 2013, na Scottish Cup ya 2013. Katikati ya hayo akaandika kwa Twitter kwamba alikula spageti, ilikuwa nzuri, aliifurahia. Basi tu. Dunia ikacheka na bado inacheka. Mimi huipenda ile tweet kuliko hotuba nyingi za wanasoka. Mtu alikula, akashiba, akasema.

Julai 2013 Southampton wakatoa pauni milioni 12.5, rekodi ya mchezaji kuuzwa na klabu ya Scotland wakati huo, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza Premier League. Kumbuka ndugu yake alikaribia: Januari 2010 Mariga alikuwa aende Manchester City, mambo yakakwama kwa kibali cha kazi, kwa sababu Kenya ilikuwa chini sana kwenye orodha ya FIFA. Akaenda Inter Milan badala yake, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Champions League, na Inter ikachukua makombe 3 msimu huo. Lakini fikiria, mtu anafungiwa mlango kwa sababu ya wazembe wanaoendesha mpira wa nchi yake. Mkimbiaji wa Iten haulizwi Kenya iko namba ngapi. Anaulizwa muda wake.

2016 akaenda Tottenham kwa Pochettino, aliyemfundisha Southampton. Msimu huo wa kwanza alicheza mechi 36 za ligi, Spurs wakamaliza wa pili na pointi 86. Mechi ya mwisho kabisa ya White Hart Lane, tarehe 14 Mei 2017 dhidi ya Man United, goli la kwanza ni lake, kichwa. Kule Dar es Salaam, manispaa ya Ubungo ikampa jina la barabara, kibao kikaondolewa karibu papo hapo. Majirani zetu hao.

Agosti 2017 goti likaanza, na kuanzia hapo kazi yake imegawanyika vipande vipande. Kuna lile kombora la Anfield, Februari 2018, mpira umetemwa na kipa, yeye akautandika bila kusimamisha, likawa goli bora la mwezi la ligi. Kuna usiku wa Amsterdam, Mei 2019, nusu fainali ya Champions League. Alianza, Spurs wakawa nyuma 2-0, akatolewa mapumziko, na kipindi cha pili wenzake wakafunga matatu. Fainali ya Madrid alikaa benchi mpaka mwisho. Aliyefunga goli la pili la Liverpool ni Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth, mshambulizi wetu wa zamani. Damu ya Kenya ilikuwa pande zote mbili, na sisi tukabishana mtandaoni nani Mkenya zaidi.

Mwaka huo huo alikuwa nahodha Harambee Stars ilipocheza AFCON Misri. Tukafungwa 2-0 na Algeria, tukaifunga Tanzania 3-2, Senegal wakatupa tatu. Machi 2020 akaenda Montreal, kwa Thierry Henry. Na hapo ndipo Wakenya walianza ile tabia yao. "Ameisha." "Amefuata pesa." Watu ambao hawajawahi kutoka Kapsoya wanamcheka mtu kwa kuhamia Canada, manze.

Mimi siwezi kumcheka, na sababu yangu ni ya kibinafsi. Nikiwa na miaka 17 nilikuwa kiungo mkabaji, na nilikuwa mzuri, ulizeni watu wa Huruma. Akatokea jamaa aliyejiita ajenti. Alikuwa na koti na picha akiwa na wachezaji. Majaribio Ulaya, alisema, lete shilingi 80,000 za viza. Mathe akauza ng'ombe wa shosho na kukopa kwa chama. Jamaa akabadilisha laini. Sikupata hata fomu ya viza. Sijawahi kumwambia mathe pole ipasavyo, na chama kilimchukua miaka miwili kukilipa.

Kwa hivyo nikisoma Victor alienda Helsingborg kwa sababu ndugu yake alikuwa huko, mimi sisomi upendeleo. Nasoma kwamba alikuwa na mtu wa kumwamini upande ule mwingine wa simu. Mkimbiaji wa hapa akitaka kujua kama kocha ni wa kweli, anapanda matatu asubuhi, anaenda Iten, anamwona kwa macho kando ya barabara ya vumbi na saa mkononi. Mchezaji mpira anaonyeshwa picha kwa simu. Na ndio maana sikubaliani na wale wanaosema Wakalenjin na watu wa huku "hawana mpira". Bruda Colm hakukuta mabingwa wakimngoja mlangoni 1976. Alikaa miaka, akawaangalia watoto wakikimbia, akajifunza. Nani amekaa hivyo kwa mpira wa Eldoret? Tumekuwa jiji tangu Agosti 2024, na uwanja wetu mkuu umekuwa ukiahidiwa ukarabati tangu nikiwa primary.

Mwaka 2025 Lennon akawa kocha wa Dunfermline, timu ya daraja la pili Scotland, ikipigania isishuke. Mtu aliyempigia simu ni Wanyama, miaka 33, hana klabu. Mkataba wa hadi mwisho wa msimu tu. Bro yangu, ambaye sasa anaendesha lori la mahindi mpaka Malaba, akanitumia ujumbe saa sita usiku: "Ameenda kwa yule mzee wake." Nikajua anaongea nani bila kuuliza.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uwanjani Langas, wale watoto wa jioni wanacheza na mpira wa nailoni. Nikawaonyesha ile kona ya Mulgrew kwa simu. Mmoja, kiungo, mwembamba sana, akaitazama mara tatu. Akauliza huyo ni nani. Nikamwambia. Akauliza alisoma shule gani, nikasema Kamukunji, Nairobi. Akanirudishia simu, akasema wamebaki wanne upande wao, kama nina viatu niingie.

Nikaingia na ndala.